Maswali na majibu: Vito vya kifalme katika picha za karne ya 18

Swali: Ni picha gani inamwonyesha Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, akiwa na ule mkufu wa almasi uliozua kashfa?

Hakuna, na naomba swali hili liishie hapa. Hakuuvaa wala kuununua. Masonara Boehmer na Bassenge waliutengeneza wakimlenga Madame du Barry, hawara wa Mfalme Louis XV wa Ufaransa. Mfalme huyo akafa kwa ndui mwaka 1774, mzigo ukawabakia. Malkia alipoletewa, akaukataa. Mwaka 1785 matapeli walimlaghai Kadinali de Rohan auchukue kwa jina la malkia, kisha wakaung'oa almasi na kuziuza. Unaoonyeshwa siku hizi ni nakala. Anayetaka picha yenye maana aitafute iliyochorwa na Élisabeth Vigée Le Brun mwaka 1787: malkia yuko na wanawe, shingo tupu, na kabati la vito liko gizani nyuma yao. Ilichorwa ili kumsafishia jina. Msishiriki vipande vya picha vilivyokatwa shingoni bila kusema mchoraji ni nani na ni mwaka gani.

Swali: Mbona almasi katika picha hizo zinaonekana nyeusi?

Vito vingi vya wakati ule vilizibwa mgongo, jiwe likakalishwa juu ya karatasi nyembamba ya madini ili ling'ae kwa mshumaa. Mchoraji aliweka kijivu kilichokolea, kisha nukta ya rangi nyeupe. Mwenye kito halisi cha namna hiyo asikitumbukize majini: maji yakipenya nyuma, karatasi hugeuka nyeusi na mng'ao hupotea.

Swali: Uso ulio kwenye bangili ya Malkia Charlotte wa Uingereza ni wa nani?

Mumewe, Mfalme George III, kama alivyochora Thomas Lawrence mwaka 1789. Madame de Pompadour, hawara, naye alichorwa na François Boucher akiwa na bangili yenye uso wa Louis XV. Anayedai vito hivi ni urembo mtupu autazame mkono: pale mwanamke anatangaza anasimama upande wa nani.

Swali: Almasi zote hizo zilitoka wapi?

India kwanza. Kuanzia miaka ya 1720 zikaja kwa wingi kutoka Brazil, koloni la Ureno wakati huo, hasa eneo la Minas Gerais, zikichimbwa na Waafrika waliotiwa utumwani. Mwaka 1771 serikali ya kifalme ya Ureno ilichukua uchimbaji huo mikononi mwake, na utumwa ukaendelea. Mnaopamba kurasa zenu kwa picha hizi, andikeni na hilo. Nimechoka kusoma sifa za mvaaji peke yake.

Swali: Lulu zao zilikuwa za kufugwa, yaani za chaza wanaotunzwa na watu?

Hapana. Wazamiaji walizitafuta baharini, nyingi katika Ghuba ya Uajemi.