Ukiondoa imani ya mtu, njoo na ya kuweka mahali pake

Nilipokuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja cha Pwani, shida yangu haikuwa watu kukataa elimu ya malaria. Waliipokea vizuri. Bibi yeyote ukimuuliza malaria inaletwa na nini, alikujibu "mbu" kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa. Chandarua alikuwa nacho, na alikitumia. Lakini mjukuu akishikwa na degedege usiku, mlango wa kwanza kugongwa ulikuwa wa mganga.

Bibi hakuwa kigeugeu. Kwake hayo yalikuwa maradhi mawili tofauti. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 walikuta jambo hilohilo: homa ya malaria ni ya mbu na inatibiwa hospitali, ila degedege ni ya shetani anayemjia mtoto kwa umbo la ndege, na mtoto akichomwa sindano katika hali hiyo atakufa. Somo letu la mbu lilikaa kando ya imani hiyo bila kuigusa.

Wanamantiki wamelichambua jambo hili vizuri. Mwaka 1985 Carlos Alchourrón wa Argentina, Peter Gärdenfors wa Sweden na David Makinson wa Australia walichapisha makala inayotenganisha mambo matatu: kuongeza imani mpya juu ya zilizopo, kuondoa iliyopo, na kurekebisha, yaani kuingiza mpya inayogongana na za zamani, kisha kupunguza mpaka mgongano uishe. Alchourrón na Makinson walikuwa wameanzia kwenye sheria. Ukifuta kifungu kimoja wakati vifungu vingine vikiunganishwa bado vinakileta kilekile, hujafuta kitu. Lazima na kimojawapo kati ya hivyo kiondoke. Kipi sasa? Mantiki peke yake haikuchagulii. Inategemea mwenyewe ameshikilia kipi kwa nguvu zaidi.

Kampeni nyingi za elimu huongeza tu, halafu ripoti inasema jamii imebadilika.

Mgongano wenyewe huanza pale unapomwambia bibi kwamba degedege nyingi za watoto huja na homa kali, na malaria ni mojawapo ya magonjwa yanayoileta homa hiyo. Bibi anamjua mtoto wa jirani aliyechomwa sindano akafa. Anamjua mwingine aliyefukizwa moshi wa kinyesi cha tembo akatulia. Na anakujua wewe, kijana wa juzi mwenye daftari. Kati ya hayo matatu, la kutupwa kwa hasara ndogo kabisa ni wewe. Huo si ujinga. Amerekebisha imani zake kwa utaratibu uleule wa wanamantiki.

Kwa hiyo kabla ya kufundisha, tafuta imani imesimama juu ya nini. Usiulize "kwa nini unaamini hivyo?" Swali hilo lina harufu ya kituo cha polisi, na jibu lake huwa ni "ndivyo tulivyokuta." Mimi nilikuwa nauliza, "Bibi, wewe mwenyewe uliona nini?" Hapo visa hutoka, vya watu na vya mwaka fulani wa mvua. Visa hivyo ndivyo nguzo zenyewe. Mhadhara wa vimelea hauzifikii.

Halafu kila nguzo unayoitoa, weka nyingine. Mwaka 1994 Hollyn Johnson na Colleen Seifert wa Marekani waliwapa watu wasome taarifa ya ghala lililoungua, wakitaja makopo ya rangi na mitungi ya gesi iliyokuwa stoo. Baadaye taarifa ikajirekebisha: stoo ilikuwa tupu. Wasomaji walikumbuka masahihisho hayo, lakini walipoulizwa kuhusu moto bado waliegemea rangi na gesi. Kilichopunguza hali hiyo ni kupewa chanzo kingine, kwamba kuna dalili za mtu kuchoma ghala kwa makusudi. Kukanusha kunaacha pengo, na mtu hawezi kukaa na moto usio na chanzo.

Kumwambia bibi "sindano haiui" ni stoo tupu. Niliona afadhali kusema: malaria ilikuwa imeshapanda kichwani kabla mtoto hajafika, sindano ikaja nyuma yake. Na yule aliyefukizwa? Degedege nyingi za homa hukoma zenyewe ndani ya dakika chache. Mpaka moshi uwake, mtoto ameshaanza kutulia, ila kilicholeta homa bado kimo mwilini. Sasa kisa chake kimebaki kizima. Alichokiona ni kweli alikiona.

Hapa kuna mtego. Maelezo ya "alichelewa" yanamshtaki aliyemchelewesha, na mara nyingi ndiye unayezungumza naye. Mpe njia ya kutokea, mradi iwe ya kweli. Kwetu ilikuwepo: zamani kupimwa damu kulimaanisha safari ya hospitali ya wilaya, siku hizi zahanati ina kipimo cha haraka. Alichoamua zamani kilikuwa na sababu zake, na sababu hizo zimebadilika.

Wengine watakuonya kwamba ukimsahihisha mtu atazidi kung'ang'ania. Wazo hilo lilipata umaarufu kutokana na utafiti wa 2010 wa Brendan Nyhan na Jason Reifler. Ila Thomas Wood na Ethan Porter walipolipima kwa watu zaidi ya 10,000, wakachapisha mwaka 2019, karibu hawakuliona. Sema ukweli bila woga.

Chagua pia cha kukiacha. Hirizi mkononi sikuigusa. Nilichogombania ni kuchelewa, na kumnywesha mtoto kitu chochote akiwa kwenye degedege, maana anaweza kupaliwa. Alazwe ubavu, akimbizwe zahanati hata kama imekoma.

Mwishowe nilimwendea mganga mwenyewe, kwa kuwa neno lake kwa bibi lilikuwa na uzito ambao langu lisingeupata. Hatukujadili mashetani. Nilimwomba kwamba kila degedege ikija kwake, afanye lake upesi kisha yeye ndiye awaambie waende wakapime damu. Alikubali kwa sharti moja, nisimwambie mtu kwamba shauri lilitoka kwangu.