Dinosaria wa televisheni: tuamini kipi?

SWALI: Mhariri, wanangu wanapenda sana vipindi vya dinosaria kwenye televisheni. Je, wanayoyaona yamethibitishwa, au ni ubunifu tu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, yamo yote mawili, na kasoro kubwa ni kwamba msimulizi huyaeleza kwa sauti ile ile ya uhakika. Katika mfululizo wa BBC wa mwaka 1999, Walking with Dinosaurs, Liopleurodon, mtambaazi wa baharini ambaye hata si dinosaria, alipewa urefu wa mita 25, ilhali mabaki yanayofahamika yanaonyesha mnyama wa mita 6 au 7 hivi. Manyoya, kwa upande wake, si pambo la watengenezaji: mwaka 2007 wanasayansi walieleza mfupa wa mkono wa Velociraptor, dinosaria mdogo mla nyama, kutoka Mongolia, wenye vinundu vilivyojipanga kwa mstari, kama vile vinavyoshikilia manyoya ya mabawa ya ndege wa leo, kwa hiyo kipindi kinachomwonyesha akiwa na ngozi tupu kimepitwa na wakati. Milio ya dinosaria ni makisio, na watengenezaji wanapaswa kulisema hilo waziwazi, kwa kuwa mtoto hana njia ya kutofautisha. Tazama pamoja nao, na uwaulize: jambo hili limejulikanaje kutokana na mifupa?