"Never" haitaki "didn't"

Ndugu, umeuliza "never", "yesterday" na "really" zinakaa wapi katika sentensi ya Kiingereza, na kama "She didn't never came to Wete" ni sawa. Iliyo sahihi ni "She never came to Wete". "Never" imeshabeba ukanushi yenyewe, kwa hiyo ukiandika "She didn't never came" umekanusha mara mbili, na juu ya hapo baada ya "didn't" kitenzi hurudi "come", si "came". Wapo Waingereza wanaosema "didn't never" mitaani kwao, lakini kwenye mtihani hutapewa alama.

"Yesterday" haina taabu, iweke mwisho. Pa kuangalia sana ni "really", maana ikihama mahali, maana nayo inahama. "I didn't really like the octopus": pweza sikumpenda sana. "I really didn't like the octopus": sikumpenda hata kidogo. Nasomesha Kiingereza skuli hapa Chake Chake, na hapa ndipo wanafunzi wangu wazuri kabisa wanapoteleza, kwa sababu Kiswahili tunabadilisha neno lenyewe, "sana" ikawa "hata kidogo", Waingereza wanahamisha lile lile moja.