Maswali yenu: SAT na lile pengo la mwisho

SWALI: Dada mhariri shkamoo, najiandaa na SAT (ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani), kuna vile vifungu vifupi vinaishia na pengo unaambiwa ukamilishe kimantiki, mi naona majibu mawili yote sawa! Nafanyaje? Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hapo wengi wanaliwa. Kwa sisi wa nje ya Marekani SAT iko kwenye kompyuta tangu 2023, kila kifungu maneno 25 mpaka 150 na swali moja tu. Mfano nimetunga: chungu cha kale kimekutwa na punje za mtama, ila eneo lile mtama haukuwahi kulimwa, kwa hiyo... Ukichagua "walibadilishana pembe za ndovu kwa mtama" umekwisha, pembe nani kazitaja? Inawezekana ndiyo, ila haijasemwa. Jibu ni lile linaloboa, lisiloongeza kitu: mtama ulitoka kwingine, basi. Mi huwa naziba majibu kwa mkono (watu wanicheke tu), namalizia sentensi mwenyewe ndo natazama. "Wote", "daima", "pekee" yatilie shaka, mara nyingi yanazidi kilichoandikwa. Sehemu ya kusoma na kuandika ina awamu mbili, kila moja una dakika 32 kwa maswali 27, likikugomea weka alama songa, utalirudia.