Barua kwa mwanangu: paa moja, milango miwili

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na swali lako nimelilalia siku tatu. Unauliza kama muuze nyumba yenu ya Columbus, huko Marekani, mnunue dupleksi, nyumba mbili chini ya paa moja, nyinyi mkae upande mmoja na mpangaji wa upande wa pili awasaidie kulipa benki.

Nimepiga hesabu kwa tarakimu ulizonipa. Ukarani wa bandarini haujanitoka. Mlikopa dola 200,000 mwaka 2021 kwa riba ya asilimia 3, miaka 30, ndiyo hizo 843 za kila mwezi. Dupleksi inataka mkopo wa 320,000 kwa asilimia 7, yaani 2,129. Mpangaji akilipa 1,300, nyinyi mnatoa 829. Mmeokoa dola 14! Kwa hizo unaacha ua wako na riba ambayo leo hakuna wa kukupa. Na benki, umeniambia mwenyewe, inahesabu robo tatu tu ya kodi ya mpangaji, 975, maana inajua vyumba hukaa vitupu. Kwa hesabu yao mnatoa 1,154. Bima sijaigusa. Kwamba hamtatozwa kodi ya serikali kwenye faida ya mauzo, kwa kuwa mmeishi humo zaidi ya miaka 2, ni jambo jema, ila si sababu ya kuuza.

Lakini kinachoninyima usingizi si pesa. Unaikumbuka nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, vyumba sita, ukumbi katikati, choo uani? Yule fundi wa chumba cha mbele alipougua, miezi minne hakulipa. Wanawe walikula sinia moja na nyinyi. Usiku namsikia akikohoa, asubuhi tunakutana uani ananiamkia shikamoo. Ningemdai kwa mdomo gani? Mama yako ndiye aliyedai, na mpaka leo watu wale hawapiti mlangoni kwetu. Mwenye nyumba anayekaa mbali hutuma ujumbe tu. Wewe utadai huku unasikia watoto wa mdaiwa wakilia ukutani.

Kwa hiyo msiuze, labda kama mnaweza kulipa 2,129 nzima kwa miezi sita bila mpangaji. Mkiweza, sina neno, na mkwe wangu mwambie hivyo. Ila kabla ya kusaini ulizeni kama kila upande una mita yake ya maji. Sisi kodi tulimalizana wenyewe. Bili ya maji ndiyo iliyotupeleka kwa mjumbe.

Baba yako