Golf 5 GTI, Golf 6 au ujibane uchukue Golf 7? Jibu la aliyezimiliki mbili

Mkuu, umesema unataka Volkswagen Golf GTI, ile Golf ya kasi, na hela uliyonayo inatosha Golf 5 (kizazi cha tano) nzuri au Golf 6 ya wastani hapa hapa nchini, na ukijibana mwaka mmoja unaweza kuagiza Golf 7. Unakaa Dar, hii ndiyo itakuwa gari yako pekee, na mara tatu nne kwa mwaka unapanda Iringa kwa wazazi. Waliotangulia wamekujibu neno moja moja. Mimi nitakuchosha kidogo, maana nimekaa na Golf 5 miaka mitano, sasa niko kwenye Golf 7 mwaka wa tatu, na Golf 6 ya shemeji nimeiazima mpaka ananinunia.

Kabla ya yote, omba kadi ya gari usome ujazo wa injini. GTI zote tatu hizi ni 1,984 cc. Ukikuta 1,390, hiyo ni Golf GT TSI, gari nzuri tu yenye turbo na supachaja, nguvu za farasi 170, lakini si GTI hata kama mbele kuna grili ya sega la nyuki, mstari mwekundu na nembo ambayo mtu kainunua dukani. Dalali atakuapia kwa mama yake. Kadi haiapi.

Haya, Golf 5. Ilitoka 2004, injini ya 2.0 TFSI, farasi 200, torki (nguvu ya kuvuta) Nm 280. Waliowahi kuendesha Golf 4 wanajua ilivyokuwa inalala kwenye kona kama kochi. Kwenye 5 wakaweka sasapensheni huru nyuma, na hapo ndipo jina la GTI likapata heshima yake tena. Taimingi yake, yaani kinachofungua valvu kwa wakati wake, inazungushwa na mkanda, si cheni. Wengi wanaogopa mkanda. Mimi naupenda, kwa sababu una siku yake. Unaubadilisha pamoja na pampu ya maji, unaandika kilomita, unalala usingizi.

Kisichojitangaza ni kikombe. Pampu ya mafuta ya presha kubwa kwenye injini hii inasukumwa na kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, na katikati yao kuna kikombe kidogo cha chuma, unaweza kukificha kwenye kiganja. Kinasuguliwa muda wote injini inapofanya kazi. Kikiisha kinatoboka, halafu mguu wa pampu unaanza kula kemshafti yenyewe. Kukikagua ni kufungua bolti tatu za pampu. Mimi sikukikagua miaka miwili, na sikuwa na sababu yoyote zaidi ya uvivu.

Ikanikuta nimepita Ruaha Mbuyuni, naanza Kitonga. Gari ikakata nguvu, taa ya injini ikawaka, nikaupanda mlima wote ule kwa gia ya pili nyuma ya lori la simenti, na nyuma yangu basi linapiga honi kana kwamba nimekataa kwa makusudi. Iringa fundi mmoja akasema pampu imekufa. Nikanunua ya mtumba, akaifunga bila hata kuangalia kikombe. Wiki tatu, tatizo lilelile. Fundi wa pili, kijana mdogo, ndiye aliyekitoa akanionyesha: kina tundu katikati kama senti kumi ya mkoloni. Pampu mbili na kemshafti moja nimelipia, kwa kifaa ambacho bei yake haifiki ya kujaza tangi. Tangu siku hiyo kila nikimwaga oili mara mbili, ya pili nakifungua nakitazama. Gari haikunisumbua tena hadi nilipoiuza.

Kwa hiyo ukiniuliza Golf 5 ni mbovu, jibu ni hapana. Ni gari ya mtu anayefuatilia. Matatizo yake yanajulikana kwa majina, spea zake nyingi mtaani ni rahisi kuliko za 6 na 7, na mafundi wameshajifunzia kwenye magari ya watu wengine.

Golf 6 ndiyo inayodanganya macho. Ilikuja 2009, farasi 210, ndani kumetulia kuliko 5, na ina XDS, mfumo unaoshika breki ya tairi la ndani kwenye kona ili pua isitoke nje. Ukiiendesha nusu saa unasema hii ndiyo. Lakini injini ilibadilishwa, ikaja injini iitwayo EA888 yenye cheni, na tensheni (kikaza cheni) ya miaka ya mwanzo ina sifa mbaya dunia nzima: inaachia, cheni inaruka meno, valvu zinakutana na pistoni. Hapo hakuna kutengeneza, unatafuta injini. Iliyoboreshwa ilikuja baadaye, na gari nyingi zimeshabadilishiwa, ila kwa macho ya nje huwezi kujua ipi. Chini ya kava la taimingi kuna kiziba kidogo cha mpira. Fundi anayezijua atakitoa, amulike tochi, akuambie ni tensheni ya zamani au mpya. Asiyekijua kiziba hicho asikukagulie Golf 6. Shemeji anakula raha na yake kwa sababu aliyemuuzia alikuwa na risiti ya tensheni na cheni. Kwenye mazungumzo yao risiti hiyo ilimnyima shemeji ujanja wa kuomba punguzo, na alikuwa sahihi kulipa. Injini hizo za mwanzo pia zinajulikana kunywa oili, kwa hiyo angalia kijiti kabla na baada ya kulijaribu gari.

Sasa Golf 7, ya 2013 na kuendelea. Ni nyepesi kuliko 6, farasi 220, lakini namba ya kushika ni Nm 350, zinazoanza kupatikana injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500 tu kwa dakika. Wewe wa Iringa ndiye unayeihitaji namba hiyo. Kasi ya juu ya GTI kwa barabara zetu ni hadithi ya kijiweni: kijiji hiki 50, kijiji kile 50, na katikati kuna trafiki na tochi chini ya mwembe. Mali halisi ni kuovateki. Umekaa nyuma ya semi inayokwenda Tunduma, kona imefunguka, una nafasi fupi kabla ya kona nyingine. Golf 5 nilikuwa napanga: nashusha gia, nasubiri turbo ijaze, natoka. Golf 7 natoka tu, na ninapokuwa mbele ya semi bado nina nafasi ya kujiuliza kama nilikuwa na haraka kweli. Safari ya mwendo wa saa nane, jambo hilo likijirudia mara ishirini, unashuka mgongo ukiwa mzima.

Stelingi yake nayo ni tofauti. Kadiri unavyokata ndivyo matairi yanavyogeuka zaidi, kutoka mwisho mpaka mwisho ni mizunguko kama miwili na kidogo. Kuigeuza kwenye vichochoro vya Kariakoo ni starehe. Kero zake ni ndogo ndogo: hendibreki ni ya umeme, kwa hiyo fundi wa pedi za nyuma awe na mashine ya kurudisha pistoni, asije akazilazimisha kwa bisibisi. Yangu ilitoka Japani, redio inaongea Kijapani na ramani bado inaamini tuko Osaka. Chunga nyumba ya themostati na pampu ya maji, huwa zinavuja taratibu. Ukiona maji ya kupozea yanashuka na chini ya gari ni pakavu, usiongeze maji ukanyamaza.

Ila nikiri kitu. Golf 5 ukiingia kona vibaya mikono inajua. Golf 7 inakusahihisha kimya kimya, unafika nyumbani ukidhani wewe ni dereva mzuri. Kuna Jumapili asubuhi nikikutana na Golf 5 pale makutano ya Morocco, hapa Dar, naiangalia mpaka taa inageuka kijani.

Golf 8 sijaimiliki, nimeiendesha mara moja. Vitufe vya kugusa kwenye usukani nilivibonyeza bila kukusudia kila nilipokata kona. Wenyewe walirudisha vya kubonyeza 2024, basi tusibishane.

Kuhusu kuagiza, usiangalie bei ya Japani peke yake. TRA wanaongeza kodi ya uchakavu: gari ndogo yenye miaka 8 hadi 10 ni asilimia 15, ikizidi 10 ni 30. Tofauti ya miezi michache kwenye tarehe ya kutengenezwa inaweza kukugharimu kuliko tofauti ya bei ya gari zenyewe. Kinachokuokoa ni ule ujazo wa 1,984, maana kati ya 1,000 na 2,000 cc ushuru wa bidhaa ni asilimia 5. Anayetamani Golf R32 ya lita 3.2 analipa 10. Piga hesabu kwenye kikokotoo chao siku unayolipia, kwa sababu kila bajeti ya Juni ina mambo yake. Jirani zetu wa Kenya hawana hata mjadala huu: gari iliyozidi miaka 8 haiingii, kwa hiyo Golf 5 na 6 zinazouzwa kule ni zile zilizokwishaingia zamani.

DSG, ile gia ya Volkswagen inayojibadilisha yenyewe, umeiogopa bure. GTI 5 na 6 zina ya gia sita, klachi zake zinaogelea kwenye mafuta. Mafuta hayo yanamwagwa kila kilomita 60,000. Fundi akikuambia ni ya maisha, muulize maisha ya nani.

Uamuzi wangu kwa hali yako: jibane huo mwaka, chukua 7. Ungekuwa na gari nyingine ya kwenda kazini ningekuambia 5 bila kufikiri. Ukishindwa kusubiri, chukua 5 yenye kumbukumbu ya mkanda, na usimalize hela yote kwenye kununua. Bakiza robo ya matengenezo ya mwanzo. Golf 6 ni kwa risiti ya cheni tu, bila risiti hata iwe nyekundu ya kung'aa, pita.

Na yoyote utakayokwenda kuiona, nenda saa moja asubuhi, mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike. Kabla hujamsalimia vizuri, weka mkono kwenye boneti. Ukiikuta ya moto, kuna mlio wa asubuhi ambao hakutaka uusikie.