Natalia Ginzburg: mwandishi au mfasiri?
Yote mawili, ndugu. Alizaliwa Palermo, Italia, 1916, akakulia Torino. Riwaya yake ya kwanza, 1942, ilitoka kwa jina la bandia, Alessandra Tornimparte, maana baba yake alikuwa Myahudi na sheria za dikteta Mussolini ziliwabana Wayahudi. Wakati huo serikali ilikuwa imewatupa yeye na mumewe Leone huko Pizzoli, milimani Abruzzo. Tornimparte ni jina la mji jirani tu! Leone akafia gerezani Roma, Februari 1944. Tafsiri ya Natalia ya Proust, mwandishi Mfaransa, aliyoianza kabla ya vita, ikatoka 1946. Baadaye Tuzo ya Strega, ya fasihi ya Italia, 1963, ubunge 1983. Anza na kitabu chake Lessico famigliare: utamsikia baba yake mkali akifoka mezani.